Mji Rahisi Ni Ule Unaoweza Kuutoka



Haipiti wiki bila mtu wa kwetu kuniuliza swali lile lile. "Dada, nimepata kazi Oman, lakini wakala anasema nitapelekwa mkoani. Niende, au nisubiri ya Muscat?" Wengine wameshafika, kodi ya nyumba inawamaliza, na wanataka kujua kama wahamie Ibra, Nizwa au Sohar, ambako wamesikia nyumba ni nusu ya bei.

Majibu wanayopewa na waliowatangulia ni ya aina mbili. Kuna wanaosema Muscat ndiyo Oman, kwengine kote ni milima na mbuzi. Na kuna wanaosema kukaa Muscat ni kumfanyia kazi mwenye nyumba, mwenye akili anakwenda mkoani anaweka akiba yake kimya kimya. Mimi naona pande zote mbili zinahesabu kodi tu na kusahau jambo kubwa zaidi. Kabla ya kuuliza mji gani ni rahisi, jiulize hivi: mji huo ukinishinda, nitaweza kuutoka kwa uamuzi wangu mwenyewe?

Mimi ni muuguzi, nina shahada ya uuguzi kutoka nyumbani. Nilianzia kazi katika hospitali ya mkoani huku Sharqiya, mkataba ulipokwisha nikahamia huku Al Hail, wilaya ya Seeb. Kwa hiyo maisha yote mawili nimeyaonja, na wala sina ugomvi na lolote kati yao.

Tuanze na historia fupi, maana wengi wetu tunadhani Waswahili wa Oman wamekuwa wa Muscat tangu zamani. Sivyo. Waarabu waliokwenda pwani yetu karne ya 19, wengi walitoka bara ya Oman na bandari zake: Ibra, Mudhairib, Sur, Nizwa na vijiji vya huko. Majina ya koo tunazozijua Unguja, Pemba na Tabora, kama vile Al Harthi na Al Barwani, ukiyafuatilia yanakupeleka Sharqiya. Watoto na wajukuu wao waliorudi baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga, hawakurudi wote kwenye vijiji vya babu zao. Walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, na kazi za kisomo zilikuwa Muscat: wizarani, polisi, kampuni ya mafuta. Wakajenga huko. Ndiyo maana leo mtu anaweza kukaa Al Hail au Mawaleh, akanunua vitumbua kwa jirani, akasalimiwa "shikamoo" dukani, akasahau kama yuko Uarabuni.

Somo lililomo humo ni dogo lakini la maana. Wale watu walikuwa raia. Walikwenda kwenye kazi, na waliochoka Muscat walikuwa na haki ya kurudi Ibra bila ya kumuomba mtu ruhusa. Sisi tunaokuja leo kwa viza ya kazi hatuko katika hali hiyo. Sisi mji tunachaguliwa, na anayetuchagulia ndiye aliyeandika viza.

Haya, sasa hesabu. Nitoe mfano wa karatasi tu, kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme fleti ya vyumba viwili Muscat ni rial 220 kwa mwezi, na ya namna hiyo hiyo mkoani ni rial 110. Tofauti ni rial 110 kwa mwezi. Kwa mkataba wa miaka miwili ni rial 2,640. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola tangu 1986, rial moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo unazungumzia karibu dola 6,900. Hicho ni kiwanja na msingi wa nyumba katika sehemu nyingi za nyumbani. Ukiishia hapo utasema nani mjinga wa kukaa Muscat?

Lakini usiishie hapo. Mkoani bila gari wewe ni mfungwa wa nyumba yako. Mabasi ya Mwasalat yanaunganisha miji, hayakupeleki zamu ya usiku hospitali na kukurudisha alfajiri. Tuseme umenunua gari la mkono wa pili kwa rial 1,500, baada ya miaka miwili ukaliuza 900. Umepoteza 600, yaani 25 kwa mwezi. Bima, matairi na fundi tuseme 20. Halafu kila safari ya Muscat, kwa pasi, kwa benki ya kutuma pesa, kwa msiba, kwa harusi, ni kama kilomita 300 kwenda na kurudi ukitoka Ibra au Nizwa. Hiyo ni lita 30, na lita ni kama robo rial. Safari mbili kwa mwezi ni rial 15. Jumla 60. Ile 110 uliyoiokoa imebaki 50. Kwa miaka miwili ni rial 1,200, zaidi kidogo ya dola 3,100. Bado ni pesa nzuri, sikatai, lakini si zile ulizoambiwa. Na kama Muscat ungenunua gari vile vile, basi hesabu inageuka tena kuipendelea mikoa. Ndiyo maana nasema kila mtu apige yake, asipigiwe na wakala.

Na mikoa nayo haifanani. SOHAR, kama kilomita 200 kaskazini, ina bandari kubwa na viwanda, kazi zipo, lakini mji wenye viwanda nyumba zake haziwi rahisi kama za kijijini. NIZWA ni mji wa dini na elimu, una chuo kikuu tangu 2004, baridi yake ya Januari ni raha, joto lake la Juni ni tanuri. IBRA ni mtulivu, una soko la wanawake la kila Jumatano, na wazee wanaokijua Kiswahili hawakosekani. SUR ni bahari na majahazi, mtu wa Pemba atalia akiona. SALALAH ina minazi, migomba na mvua ya kharif kuanzia Juni mpaka Septemba, utadhani uko Unguja. Lakini iko kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, na msimu wa kharif watalii wanapofurika, wenye nyumba wanawapenda zaidi wale wanaolipa kwa siku. Usisahau na vimbunga. Gonu ya Juni 2007 iliipiga pwani ya Muscat na Sur, Shaheen ya Oktoba 2021 ikaipiga Batinah. Ukipewa nyumba rahisi mno, itazame imejengwa wapi. Ikiwa ndani ya wadi, urahisi wake unaujua wewe na Mungu wako.

Hayo yote yanamhusu mtu kama mimi, mwenye cheti, mkataba na mshahara wa benki. Kwa muuguzi mwenzangu nasema wazi: ukipewa mkoa, NENDA. Hospitali ndogo inakufundisha. Huku Muscat kila ugonjwa una kitengo chake na wataalamu wake, kule zamu moja unaweza kupokea ajali ya barabarani, mama wa kujifungua, na mzee aliyeumwa na nge. Wenyeji watakualika kahawa na tende kabla ya kukujua jina. Na zaidi ya yote, una njia ya kutoka. Tangu Januari 2021 ile barua ya kafili ya kutokuwa na pingamizi imeondolewa. Mkataba ukiisha au ukivunjwa kwa mujibu wa sheria, unaweza kuhamia kwa mwajiri mwengine. Mimi nilipohama Sharqiya sikumpigia mtu magoti.

Lakini wanaotoka kwetu kuja Oman wengi wao si wauguzi. Ni wadogo zetu wa kike wanaokuja kufanya kazi za ndani. Na hapa ndipo neno "mkoani" linapobadilika maana.

Usiku mmoja nikiwa zamu ya dharura, aliletwa msichana aliyeungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Aliyemleta alibaki nje kwenye gari. Nilipoona jina kwenye karatasi nikamsalimia kwa Kiswahili. Alinitazama kwanza kama haamini, kisha akaanza kulia, na si kwa sababu ya mkono. Nikamfunga kidonda, tukazungumza. Alikuwa na miezi saba nchini. Kabla ya kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hapa panaitwaje?"

Miezi saba. Hakuwa akijua jina la mji anaoishi. Mkataba wake, alivyonieleza, uliandikwa "Oman". Alishuka Muscat usiku, akaingizwa kwenye gari, akaamka kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na mlima nyuma yake. Watu wa nyumba ile hawakumpiga wala hawakumnyima chakula, alisema hivyo mwenyewe. Lakini siku akitaka kuondoka angetoka aelekee wapi? Angemwambia teksi ampeleke wapi, kutoka wapi? Kwake yeye kodi ni sifuri, chakula ni sifuri, umeme ni sifuri. Kwa hesabu zetu za akiba huo ndio mji rahisi kuliko yote Oman!

Nawaomba mlifikirie hilo. Kodi ndogo inamsaidia yule ambaye ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwake. Ufunguo ukiwa kwa mwengine, kila kilomita kati yako na ubalozi ni kufuli jengine.

Sheria nayo inatofautisha. Sheria mpya ya kazi ya Oman, Amri ya Kifalme namba 53 ya 2023, imeleta mambo mazuri kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, lakini wafanyakazi wa ndani hawamo. Wao wana kanuni zao za pembeni. Kile kima cha chini cha rial 325 tunachokisikia ni cha raia wa Oman, si chetu sisi wageni. Na mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza waliyokutana nayo wengi wao: pasi kushikwa, mishahara kucheleweshwa, kazi bila mapumziko. Sisemi kila nyumba iko hivyo. Nimekaa na familia za Kiomani zinazomuita mfanyakazi "binti yangu" na zikamaanisha. Ninachosema ni kwamba mambo yakiharibika Al Hail, msichana anaweza kugonga mlango wa jirani akajibiwa kwa Kiswahili. Yakiharibika kwenye kijiji cha mwisho wa lami, atagonga mlango wa nani?

Tuangalie na wenzetu kwengine. Wasomali walioko Marekani walianza mwaka 2001 kuhamia Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine ambao viwanda vyake vya nguo na viatu vilikuwa vimekufa na nyumba ziko tupu. Waliikimbia miji mikubwa kwa kutafuta kodi nafuu, shule na utulivu. Haikuwa lele mama. Oktoba 2002 meya wa mji aliwaandikia barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kufanya mkutano, na maelfu ya watu wakajitokeza upande wa pili kuwaunga mkono Wasomali. Hawakuondoka. Baadaye wakafuatia na Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, katika mji huo na Portland jirani yake. Kwa nini mji rahisi uliwafaa wale? Kwa sababu walikwenda pamoja, jamaa na jamaa, wakafungua maduka na msikiti, na kila mmoja alikuwa na haki ya kupanda basi kesho yake akaenda anakotaka.

Australia na Canada wao wanafanya biashara ya wazi. Australia, tangu Novemba 2019, ina viza ya mikoani namba 491: kaa na fanya kazi nje ya miji mikubwa, na baada ya miaka mitatu ukitimiza masharti unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Canada ina mpango wa majimbo ya Atlantiki, ulianza kwa majaribio 2017 na kufanywa wa kudumu 2022. Wanakwambia: tupe miaka yako kwenye mji wetu mdogo, nasi tunakupa nchi. Oman haina mapatano hayo na mgeni, na haijawahi kudanganya kuwa inayo. Sheria yake ya uraia ya 2025 inataka miaka 15 ya ukaazi mfululizo pamoja na masharti mengine mengi. Sisi tuko hapa kwa muda. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa hiyo ukienda mji mdogo Oman, unachokipata ni akiba tu. Na akiba ya mtu asiyeweza kutoka si akiba yake, ni amana iliyo mikononi mwa mtu mwengine.

Sasa niseme na wakubwa wetu, maana bila siasa haya hayatengenezeki.

Kwanza, mikataba. Ofisi zinazopitisha watu wetu kuja huku, TaESA kwa upande wa Bara, Kamisheni ya Kazi kwa upande wa Zanzibar, na wenzao wa Kenya, zisikubali mkataba ulioandika "Oman" peke yake. Mkataba uandike mkoa, wilaya na mji. Uandike nani anatoa nyumba, na iko umbali gani kutoka kazini. Mfanyakazi akihamishwa mji, ubalozi ujulishwe. Ni mstari mmoja kwenye fomu, haugharimu shilingi.

Pili, balozi zetu. Ubalozi uko Muscat na watu wako nchi nzima. Tangu pasi za kielektroniki zianze Tanzania mwaka 2018, alama za vidole hazitumwi kwa jamaa wala kwa posta. Mtu wa Salalah atoke kilomita 1,000, aombe ruhusa, alipe nauli, afike Muscat. Na wengi mapumziko yao ni Ijumaa peke yake. Ombi letu ni ratiba ya kudumu, iliyotangazwa mwaka mzima mapema, ya maofisa kwenda Sohar, Nizwa, Ibra, Sur na Salalah siku za Ijumaa. Meza, mashine, na mtu wa kusikiliza shida.

Tatu, sisi wenyewe. Jumuiya zetu hapa Muscat ni hodari wa kuchanga msiba na kupika pilau ya Idi, na hilo ni jema. Lakini tuna orodha ya watu wetu wa Ibri? Wa Rustaq? Tuna namba moja ya simu ambayo msichana wa Mudhaibi anaweza kupewa pale pale uwanja wa ndege akaihifadhi kichwani? Wauguzi tuko karibu katika kila hospitali ya mkoa. Tunaweza kuwa macho ya jumuiya bila kuvunja siri ya mgonjwa: kumwambia tu mtu yuko wapi na namba ya ubalozi ni ipi.

Na wewe uliyeko Temeke, Mombasa au Wete, unaesubiri viza, usimuulize wakala kama mji ni rahisi. Muulize mji unaitwaje, uutafute kwenye ramani. Muulize ufunguo wa mlango na pasi yako vitakaa na nani. Pasi ni mali ya serikali yako, si ya kafili. Muulize jirani wa karibu anayezungumza lugha yako yuko umbali gani, na teksi ya kufika ubalozini ni rial ngapi. Akijibu yote kwa ufasaha, njoo, hata kama ni mwisho wa jangwa, utaweka akiba na utarudi salama. Akianza kucheka na kusema "wewe nenda tu, utajua huko huko," basi hata akikupa Muscat penyewe, kaa nyumbani kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi,
Al Hail, Muscat